Refa Aliyesogeza Mashabiki

Nkunzimana, mkulima wa maharage kutoka Mabamba, huchezesha mechi zetu Kibondo. Mimi, nahodha wa timu ya nyumbani, nilimshuku kuwa amenunuliwa, maana kila mechi wenyeji tulipewa penalti. Nikamkabili.

"Mzee, viongozi wetu wanakupa nini?"

"Kelele tu, mwanangu. Mashabiki wanasimama juu ya mstari. Wakinipigia yowe sikioni, napuliza filimbi kabla sijaona vizuri."

Sikumwamini. Jumapili akafunga kamba kuzunguka uwanja, akawasogeza watu hatua kumi nyuma. Dakika za mwisho mshambuliaji wetu akajiangusha, uwanja mzima ukapiga yowe. Nkunzimana akatikisa kichwa. Tukatoka sare.

"Refa kala kwa wageni!" mashabiki wetu wakafoka.

Kesho yake viongozi wa timu wakaniletea barua ya kumkataa, nitie sahihi. Nilikataa. Tangu hapo wananitazama kwa jicho la pembeni.