Chai ya Shemeji

Fundi Plasta alikuwa mtu wa kupima. Mkewe alikuwa akimtania kwamba siku walipokutana alimtazama kama mtu anayekadiria ukuta. Basi alipopata kiwanja cha kujenga vyumba vya kupangisha, baada ya nusu ya umri wake kwisha akisawazisha kuta za watu, hakukurupuka. Alichimba udongo akaufikicha kwa vidole. Alivuta kamba toka jiwe moja la mpaka hadi jingine. Alikwenda ofisi ya ardhi akaonyeshwa jina la mmiliki, ambaye ndiye aliyekuwa akiuza, na kiwanja hakikuwa na zuio lolote.

Siku ya kutiliana sahihi walikaa sebuleni kwa muuzaji, pamoja na mashahidi. Mke wa muuzaji aliingia na sinia, akamimina chai, akapanga vikombe kando ya karatasi, akatoka.

"Ahsante, shemeji," fundi alisema huku akitafuta kalamu.

Aliporudi nyumbani mkewe alimuuliza, "Na mke wake amesemaje?"

"Aseme nini tena? Chai katuletea mwenyewe."

"Nimeuliza amesemaje, mume wangu. Sijauliza mmekunywa nini."

Fundi alicheka. Mzaha mzaha hutumbua usaha, na usaha huu ulichukua muda kuiva.

Alijenga vyumba vinne kwa mikono yake. Waliihama nyumba waliyokuwa wakipanga, wakaingia chumba cha kwanza, vingine wakavipangisha. Mmoja wa wapangaji alikuwa bado anatundika mapazia pale hati ya mashtaka ilipoletwa. Mke wa muuzaji alidai kiwanja kilipatikana kwa jasho la wote wawili, na mumewe amekiuza bila ridhaa yake. Mume mwenyewe alikuwa ameshatokomea na fedha, hata simu haipatikani.

Mahakamani fundi alivaa koti alilofungia ndoa. Wakili wa yule mama hakuwa na makeke.

"Siku ya mauzo ulimwona mke wa muuzaji?"

"Nilimwona."

"Ulimuuliza kama amekubali?"

Fundi alitazama viatu vyake. Saruji ilikuwa imeganda pembeni ingawa alivisugua asubuhi. "Alituletea chai," alisema.

Watu wa benchi la nyuma waliangua kicheko. Yule mama hakucheka. Zamu yake ilipofika alisema, "Wageni wakija kwangu nawapa chai. Hakuna aliyeniambia wanaandikiana nini. Huyu fundi aliniita shemeji, lakini hata usoni hakunitazama."

Maneno hayo yalimchoma kwa kuwa yalikuwa kweli. Alitaka kumchukia yule mama, akashindwa, na kushindwa huko kulimwongezea uchungu. Hakimu alisema mauzo ni batili, kiwanja na kilichojengwa juu yake virudi kwa mama, na fundi aende akamdai muuzaji fedha zake. Kumdai mtu aliyetokomea ni kutwanga maji kwenye kinu, lakini sheria haikuulizwa hilo.

Siku ya kukabidhi, dalali wa mahakama alikuja na yule mama. Vyombo vilikuwa vimeshatolewa uani, godoro limeegemezwa ukutani. Fundi alikuwa amesimama chumbani, kiganja chake kikipita juu ya plasta kutafuta dosari. Hakuiona hata moja, akaanza kulia bila kujificha.

Jiko lilikuwa halijafungwa. Mkewe aliwaona wageni, akabandika maji. Hakuna aliyemtuma. Alitoka na sinia, akaliweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, akammiminia yule mama kikombe.

Yule mama alikipokea, akakishika kwa mikono miwili bila kunywa. Alimtazama mwenzake usoni kwa muda.

"Dada," alisema, "umeniridhia?"

"Hapana," mke wa fundi alijibu. "Kunywa, itapoa."