Mng'ao wa Nyuzi za Mgomba

Nakumbuka wiki moja, mwanangu, miguu ikiniwasha kwenda Arusha. Nilikuwa fundi mdogo kwenye karakana ya Mzee Shabani, Moshi mjini. Tulilaza nyuzi za mgomba ndani ya resini, ile plastiki ya majimaji inayoganda, tukapata magata, ile mifereji ya kupitishia maji, mepesi na magumu.

Mama Aneti, mkulima wa Old Moshi, aliagiza gata la kuvusha maji ya mfereji juu ya korongo hadi kwenye maharage yake. Zamu yake ya maji ilikuwa Jumamosi, na maharage yalishaanza kutoa maua.

Mzee aliniagiza niziloweke nyuzi kwenye maji ya kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, nizisuuze hadi utelezi uishe, nizianike zikauke kabisa. Nikazitazama: zinang'aa kama nywele zilizopakwa mafuta. Nikaona kuziosha ni kuziharibu, tena ni kuchelewa basi la Arusha. Nikazimwagia resini hivyo hivyo. Gata likatoka linapendeza. Lakini wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Jumamosi, likiwa limeshatandazwa juu ya korongo, maji yalipojaa likapasuka katikati. Mama Aneti akashuka mjini na kipande mkononi, akanikuta karakanani kabla sijapanda basi. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, baba. Korongo limekunywa zamu yangu. Nasikia unasafiri, basi pita kwanza ukayaage maharage yangu."

Mzee Shabani akavuta uzi mmoja penye ufa. Ukachomoka mzima, kama kisu kwenye ala.

"Unaona? Haukushikana na kitu. Huo unaouita urembo ni nta. Kostiki inauondolea nta, inaukwaruza, ndipo plastiki inapata pa kung'ang'ania."

Arusha ikangoja. Jirani alimgawia mama yule nusu ya zamu yake ya Jumatano. Nikaloweka, nikasuuza, nikaanika, nikalibeba gata jipya mwenyewe hadi korongoni. Maji yakavuka. Maharage hayakupona yote, nusu tu.

Tangu hapo nimezunguka miji mingi, na kila nirudipo napanda kulitazama. Bado linavusha.

Basi mwanangu, anayekukwaruza kwa kiasi anakuandaa ushikamane na wenzako. Nasema kwa kiasi, maana kostiki ikizidi hula uzi wenyewe. Usiupende mng'ao wako kuliko kazi yako. Osha kwanza, hata kama basi linapiga honi. Mungu akupe mikono yenye subira, na kila korongo utakalolikuta, maji yako yavuke.