Siku Nilipong'oa Mipaka ya Kiruruma Ili Nimpendeze Mwekezaji

Jamani, chekeni tu, maana hata mke wangu bado anacheka, na pale sokoni Kayanga wapo akina mama wakiniona wanaziba midomo kwa kanga.

Mwekezaji mmoja kutoka Ulaya alitaka kujenga kiwanda cha kahawa kwetu Kiruruma, na mimi, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, nikawa mwenyeji na mkalimani wake, tena akaniahidi umeneja (meneja, mimi! nikaanza kutembea mikono nyuma). Familia nne zilikuwa zimekubali kumpa ardhi zao zilizopakana. Ila bwana yule alikuwa mwoga wa migogoro, kila akipiga simu anauliza ardhi ni ya nani, sheria haitabadilika, wakibadilika viongozi je? Nami namjibu hakuna shida, hakuna shida.

Basi asubuhi ya kuja kwake nikalitazama lile eneo, nikaona milamula imekatiza huku na huku (ile mimea ya mpakani, ambayo kwetu kuing'oa ni kutangaza vita), nikasema aa, mgeni akiona viraka hivi atashtuka, ngoja nisafishe kidogo lionekane shamba moja. Nikashika jembe, nikang'oa yote, huku napiga mluzi.

Tulipofika na mgeni, mtendaji wa kijiji na ofisa ardhi kutoka Kayanga, tukamkuta Ma Kokugonza, mmoja wa wenye ardhi, kasimama katikati, mikono kiunoni.

"Mwambie mgeni wako kwamba wewe ni mwizi!"

Nikatafsiri: anasema karibu sana.

"Hajasema hivyo," akadakia ofisa ardhi, akamtafsiria mgeni neno kwa neno, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu.

Wenzake wakatoka migombani, kila mmoja anaonyesha mpaka wake, na kila mpaka umeingia kwa jirani (watu waliokunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, pamoja juzi tu!). Mgeni akauliza taratibu, nani anaamua? Mtendaji akasema ofisi ya ardhi. Ofisa ardhi akasema kijiji. Wakabishana weee, mwisho wakapatana tusubiri maelekezo kutoka juu, na huko juu kwenyewe mkubwa kahamishwa, mpya hajaripoti. Yote hayo nikayatafsiri mimi, safari hii neno kwa neno.

Mgeni akasema, "Ugomvi wa mashamba hata kwetu upo. Lakini kwetu najua nigonge mlango gani." Akapanda gari lake.

Kiwanda kajenga ng'ambo ya Kyerwa, upande wa Uganda. Sisi kahawa tunawauzia walanguzi wale wale kwa bei wanayojipangia, na hilo, utani pembeni, linaniuma. Mimea niliipanda upya mwenyewe, Ma Kokugonza ananielekeza kwa fimbo, na watoto wa njiani wananiamkia, "Shikamoo, meneja!"

Sirudii. Akija mwekezaji mwingine nitampa kahawa ya kutafuna, kama tunavyomkaribisha mgeni kwetu, nimwonyeshe kila ugomvi na kila ofisi inayorusha mpira kwa mwenzake. Akikimbia, akimbie kwa ubovu wao, si kwa ujinga wangu.