Bi Futi na Neno Chanya

Mtaa mzima ulimwita Bi Futi, maana ile futi ya kupimia nguo haikutoka shingoni mwake hata alipokwenda msibani. Alikuwa fundi cherehani tangu enzi za mashine za mkono, na miaka yote hiyo yeye ndiye aliyepima watu. Yeye kupimwa hakupenda. Aliwajua mafundi walaghai wanavyolegeza futi kiunoni mwa mteja ili kitambaa kibaki kwao, kwa hiyo mtu yeyote aliyemjia na kipimo mkononi alimtazama vidole kwanza, uso baadaye.

Wiki ile mwanawe wa pekee alipata mtoto wa kwanza. Bi Futi alikuwa amemshonea mjukuu kigauni cheupe kabla hata hajazaliwa. Lakini siku walipomleta nyumbani, Bi Futi alikuwa anakohoa, kikohozi kikavu cha kukwaruza. Asubuhi yake akaweka pasi juu ya suruali ya mteja, akageuka kutafuta vifungo. Suruali ikaungua mpaka fundi viatu wa jirani akapiga kelele kutoka barazani kwake, "Bi Futi, unachoma nyumba!" Naye alikuwa palepale, asisikie harufu yoyote.

Mkwe wake akasimama mlangoni, mtoto kifuani.

"Mama, pua hiyo imekufa. Nenda ukapime korona kwanza, ndipo umshike mtoto."

"Kwa hiyo mimi ndiyo ugonjwa sasa?"

"Sijasema hivyo, mama."

"Umesema kwa macho."

Bi Futi alinusa hila hapo, ingawa pua haikuwa inanusa kitu. Mama mzazi wa binti huyo alikuwa njiani anakuja. Wanataka yule ndiye amshike mtoto kwanza, akawaza, mimi nibaki kutazama kama mpita njia.

Fundi viatu naye akamtia chumvi kwenye kidonda. "Wale wa zahanati hawapimi, wanapandikiza. Kijiti kinakuja kimeshapakwa korona. Wanakusukumia puani mpaka kwenye ubongo."

"Wewe ulipimwa lini?"

"Mimi? Thubutu!"

"Basi umejuaje?"

"Watu wanasema."

Bi Futi akaenda kupima hivyohivyo, amekunja uso, maana mtoto alikuwa analia chumba cha pili na mikono ilikuwa inamwasha.

Nje ya zahanati palikuwa na turubai, na viti vimewekwa mbalimbali. Wakampa barakoa mpya. Nesi, kijana mrefu mwenye gauni la plastiki, akamuuliza ameanza kuumwa lini, ana homa, anaishi na nani.

"Hao ninaoishi nao unataka kuwakamata?"

"Hapana, mama. Nao wajiangalie, wapime."

"Na hilo gauni nani kakushonea? Mikono mifupi."

"Hili halishonwi, mama. Likitumika linatupwa."

Akatoa kijiti kilichofungwa kwenye karatasi. Bi Futi akasema, "Leta hapa." Akaigeuza ile pakiti, akapitisha ukucha kwenye ukingo wote kama anavyokagua pindo la fundi mwingine, akitafuta mahali palipofumuliwa na kubandikwa tena. Hapakuwapo.

"Fungua. Mbele yangu."

Nesi akafungua, akimwonyesha kila anachofanya. Kijiti kilikuwa chembamba, ncha yake kama pamba. "Shusha barakoa, inua kichwa kidogo. Kitakutekenya, machozi yatatoka, huenda ukapiga chafya. Si damu wala sindano; haiumi."

Hilo la kwamba haiumi Bi Futi alishawahi kuambiwa, darasa la pili, siku walipokuja na sindano shuleni, na mkono ukavimba kama andazi. Akashika kiti kwa nguvu. Kijiti kikaingia, kikazungushwa, kikahamia tundu la pili. Machozi yakamtoka, akapandisha barakoa, akapiga chafya moja nzito ndani yake. Basi. Ubongo ulikuwa mahali pake. Nesi akakoroga kijiti kwenye maji ya kichupa, akadondosha matone kwenye kibao kidogo cheupe, akamwambia asubiri kwenye kiti; haitachukua hata nusu saa.

Alipoitwa tena, nesi alisema kwa upole, "Mama, majibu yako ni chanya."

Bi Futi akainuka kama msichana. Chanya! Redioni kila siku walikuwa na mtazamo chanya, mabadiliko chanya. Neno hilo halijawahi kumletea mtu balaa. Tayari alikuwa anamwona mjukuu mikononi mwake, na mkwe kanywea pembeni. Akafika mpaka kwenye kamba ya turubai, kisha akasimama. Mbona huyu kijana ametoa habari njema huku anasogeza kiti nyuma? Mtu mwenye nguo iliyotoka vizuri anamletea mteja mbele, harudi nayo nyuma.

Akageuka. "Wewe. Hiyo chanya yenu ni ipi?"

"Ni kwamba virusi vimeonekana, mama. Unayo korona."

"Sasa mnaiitaje chanya?"

"Ndiyo lugha ya maabara. Ungekuwa huna, tungesema hasi."

"Hasi! Hiyo si mnawafanyia madume ya ng'ombe?"

Nesi akacheka mpaka barakoa ikacheza. Bi Futi hakucheka. Kidogo tu angekuwa amefika nyumbani, amembusu mjukuu.

"Nionyeshe."

Akamwonyesha kibao kwa mbali, kina mistari miwili. Mstari wa kwanza ni wa kujua kipimo kinafanya kazi. Wa pili ndio wa ugonjwa.

"Huu wa pili umefifia."

"Ukififia bado ni mstari, mama."

Hilo fundi analijua. Hata chaki iliyofifia kwenye kitambaa, mkasi unapita palepale. Akasikiliza yote: akae chumba chake peke yake, dirisha wazi, anywe maji, avae barakoa, kifua kikibana au pumzi ikikata, arudi haraka.

Nyumbani hakupita mlango mkubwa. Alizungukia uani, kwenye chumba cha cherehani, akaita kwa mbali, "Ninayo! Nanyi mwende mkapime, wewe na mume wako. Na mama yako mwambie asije kwanza!"

Mkwe akatokea nyuma ya kioo cha dirisha, macho yamemjaa maji, akamwinua mtoto juu.

Bi Futi akakaza macho. Hata huyo mjukuu hakumwamini bila kumpima.

"Mgeuze nimwone mgongo. Hivyo. Mwinue mkono." Akavuta futi shingoni, akapima hewani. "Kile kigauni kitambana kwapani huyo. Nirushie hapo kwenye kamba ya nguo nikifumue."

Akakumbuka mikono yake ina korona.

"Acha. Usinirushie kitu. Nitashona kingine nikishapona."