Kunde Zilizochelewa

Shule niliiacha mapema, lakini maswali hayajaniacha. Nilikuwa Ashkhara, pwani ya Omani, nikianika samaki, nilipoambiwa kwamba saratani ya utumbo ya mama imeshafika kwenye ini. Nikarudi nyumbani Ibra siku ile ile.

Tulipompeleka hospitali Nizwa, nilimuuliza daktari kama chakula kinahusika. Akanieleza kwamba bakteria wa tumboni wakila nyuzinyuzi za kunde na mboga, hutoa kitu kinacholisha ukuta wa utumbo. Wakizidishiwa nyama na mafuta, baadhi ya taka zao huudhuru.

"Hiyo ni kuongeza hatari tu," akasema. "Kwa mama yako, hakuna anayeweza kujua kama ndiyo sababu."

Mimi nilishika neno kunde. Nyumbani nikazipika kwa nazi, kama alivyokuwa akizipika bibi yangu kule Unguja, kabla hatujazoea nyama na wali kila siku.

"Leo nyama imekimbia?" mama akanitania. "Jirani akiingia atasema tumefilisika."

Nikamweleza yote aliyosema daktari. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Zitaniponya?"

Sikuweza kumdanganya. "Hapana, mama."

Tulikuwa tunakula sinia moja. Akazisukuma kunde zote upande wangu kwa vidole vyake vilivyokonda, kama anavyosogezewa mgeni pande zuri la nyama.

"Basi kula wewe, habibi. Tumbo lako bado zima."

Nikala mpaka zikaisha, kwa kuwa alikuwa akinitazama.