Slaimu ya Mrenda

Gundi nyeupe ina harufu yake, kali kidogo na tamu kidogo, kama maziwa yaliyoanza kugeuka. Wiki iliyopita niliifungua mbele ya darasa la Gredi ya Tatu hapa Uriri, ninakofanyia mazoezi ya ualimu. Somo lilikuwa sayansi na ubunifu: tulikuwa tunatengeneza slaimu, ule ute wa kuchezea unaovutika kama ubani wa kutafuna. Watoto walinizunguka na vikombe vyao vya plastiki, wengine wamekunja mikono ya sweta tayari kwa kazi. Nilimimina gundi, nikaongeza maji ya sabuni ya kufulia, na kabla sijakoroga nikajikuta niko Kosele, mtoto wa miaka kumi, nimechutama peke yangu nyuma ya jikoni.

Sikuzaliwa Kosele. Nilizaliwa Migori mjini, mama yangu akiwa Mkuria wa Kehancha na baba yangu Mjaluo. Nyumbani tuliongea Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha pekee iliyowatosha wote wawili. Baba alifariki nikiwa mdogo. Baadaye mama alipata kazi ya nyumbani Uarabuni, nami nikapelekwa kwa mama mzazi wa baba, ambaye kila mtu alimwita Dani, yaani bibi. Niliambiwa ni kwa muda tu. Watu wazima wanapenda sana neno hilo, muda, kwa sababu halina mwisho unaoweza kuulilia.

Kosele ilikuwa na watoto tele, na hakuna aliyenichukia. Shida ni kwamba michezo yao yote ilichezwa kwa Kijaluo, kwa kasi, na mpaka nielewe nimeambiwa nikimbilie wapi, mchezo umeshaisha. Waliniita jamwa, mtu asiye Mjaluo, bila ubaya wowote, kama vile mtu anavyoitwa mrefu au mfupi. Hata jina langu, Boke, lilikuwa la Kikuria, na mwalimu alipoita majina asubuhi lilisikika limekaa kando na mengine. Nilizoea kukaa juu ya jiwe la kufulia, nikiwatazama. Ukikaa hapo kwa muda wa kutosha, watu huacha kukuona.

Mama alikuja kwetu kupitia simu ya Waya. Waya ni shangazi, dada ya baba. Aliishi nasi na kuuza nguo za watoto sokoni. Simu yake ilikuwa na ufa katikati ya kioo, kwa hiyo kila mtu niliyemtazama humo alikuwa amegawanyika. Jumamosi baada ya kanisa mama alipiga, na katikati ya wiki, akipata nafasi, alituma video fupi.

Video moja ilikuwa ya slaimu. Uso wa mama haukuonekana, mikono tu. Niliijua ile mikono, kidole gumba chenye alama ya kisu na yote. Ilimimina gundi ndani ya bakuli la kioo, ikanyunyizia unga mweupe kidogo, ikatia matone ya rangi kutoka chupa ndogo, ikakoroga, na kile kitu kikageuka pinki na kuanza kuvutika. Kisha ikaingia mikono mingine, midogo, minono, miwili miwili, ikakivuta huku watoto aliokuwa akiwalea kule wakicheka kwa Kiarabu. Sauti ya mama ikasema kwa Kiswahili, karibu na simu, "Boke, unaona? Inashikana yenyewe."

Niliitazama mpaka Waya akalalamika kwamba nammalizia betri. Sikuwa natazama slaimu. Nilikuwa natazama ile mikono yake ikiongoza mikono ya wengine, na niliumia mahali ambapo sikuwa na jina lake.

Nikaamua kutengeneza yangu. Niliwaza hivi: nikimwonyesha mama kwamba hata mimi naweza, ataona kwamba hakuna haja ya kucheza na wale. Ndivyo nilivyowaza, kabisa. Nilikuwa na hakika kwamba watu wazima huenda mahali palipo na mchezo mzuri.

Gundi ilipatikana kwenye mfuko wangu wa shule. Shida ilikuwa ule unga mweupe. Nilifikiri sana, na mwishowe nikaona jibu liko jikoni mwa Dani: magadi! Ni meupe, na kazi yake naijua, kwa sababu Dani aliyatia kwenye mboga ya mrenda kila alipopika, na mrenda ule ulivutika kutoka sahanini mpaka mdomoni. Nani tena angehitaji ushahidi? Nikasaga magadi, nikayamwaga kwenye gundi. Ikawa kitu kama maji ya maziwa yenye mabonge. Gundi yote ikaisha hivyo.

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba kinachovutika si magadi, ni mrenda wenyewe.

Ilikuwa Ijumaa, na sufuria ya mrenda ilikuwa jikoni, imeshaiva. Dani alikuwa Msabato wa kweli. Jua la Ijumaa likizama, kwake moto hauwashwi wala mwiko hauguswi mpaka Jumamosi jua lizame tena, kwa hiyo chakula cha Sabato kilipikwa mapema na kufunikwa. Dani alikuwa ameenda kuoga kabla jua halijatua. Nikauchuja mrenda wote, nikachanganya ute wake na uji mzito wa unga wa muhogo, nikakanda. Na jamani, ulivutika! Ulikuwa kijani kibichi, unateleza, unaning'inia kutoka mkono mmoja hadi mwingine bila kukatika. Nikacheka mwenyewe kwa sauti.

Watoto wa boma la jirani walisikia, wakaja mbio. Moyo wangu ulipanda. Mkubwa wao aliugusa kwa kidole, akanusa, akawageukia wenzake.

"En apoth," akasema. Ni mrenda tu.

Wakacheka, wakarudi kwenye mchezo wao.

Dani aliporudi na kufunua sufuria, aliinama kuchungulia ndani. Jua lilikuwa limebakiza kipande chembamba. "Nyathina," akaniambia, mtoto wangu, "hii mboga ya Sabato iko wapi?" Nikamwonyesha. Aliivuta kidogo, ikamrukia kwenye gauni safi la jioni, akasema mambo kwa Kijaluo ambayo nadhani aliyatubia baadaye. Jumamosi tulikula ugali baridi na maziwa mala, na Waya alininunia mpaka kanisani.

Mimi sikujali. Slaimu yangu ilikuwa imelala ndani ya kopo, ikisubiri simu. Sikujua kwamba mrenda haulali vizuri. Nilipoifungua mchana ilikuwa imelegea, inanuka uchachu, na ute umekuwa maji. Simu ililia papo hapo.

"Ongea haraka, bando linaisha," Waya akasema.

Mama alionekana, amegawanywa na ufa. Nikanyanyua viganja. "Mama, ona! Slaimu. Kama ile yako."

"Hiyo ya kijani? Umeitoa wapi?"

"Ni mrenda. Nimetia na magadi."

Mama akacheka, akaziba mdomo kwa kiganja, macho yakajaa maji. "Boke wangu! Hebu ivute nione."

Nikaivuta. Wakati huohuo sauti ya mtoto iliita kutoka upande wake. Mama akageuka, akajibu kwa Kiarabu, neno moja nisilolijua. Lakini sauti niliijua. Ni ile aliyonijibu nayo Migori nilipomwita kutoka bafuni nimemwagikiwa na sabuni machoni. Nilidhani ilikuwa yangu, kwamba alipoondoka aliiacha mahali, inaningoja. Akasema, "Subiri kidogo," akaiweka simu chini. Kioo kikaonyesha dari nyeupe na taa.

Nilisubiri nimenyanyua mikono. Ute ulipita katikati ya vidole, ukatiririka mpaka viwikoni, ukadondokea miguu yangu. Sikushusha mikono, nisije nikakosekana akirudi. Kisha dari ikatoweka. Bando lilikuwa limeisha.

Baada ya siku chache ikaja video nyingine. Mikono ileile, bakuli lilelile, na slaimu, safari hii ya kijani. Kijani cha mrenda hasa! Mikono midogo ikaingia kuivuta. Nilimrudishia Waya simu kabla video haijaisha. Nilielewa kwamba wale watoto walikuwa na mama yangu, na sasa wamepewa hata kile nilichokibuni mimi. Waya aliponiambia imekuja nyingine, nilisema sitaki, na nikaendelea kutotaka hata nilipokwisha kukijua Kijaluo na kuingia kwenye michezo.

Mama alirudi nikiwa sekondari. Tulikaribishana viti, tukaulizana habari. Siku hizi anaishi Kehancha, ana cherehani yake, na tunapigiana simu kama watu wanaoheshimiana.

Jioni ya siku ya somo lile nilimpigia. Sikuwa na la maana, nikamsimulia jinsi wanafunzi walivyogombania rangi.

"Watoto ni wale wale," akasema. "Hata wale wa kule, kila siku pinki, pinki. Siku ile ilibidi niwaambie pinki imeisha."

"Siku gani?"

"Ile nilitaka ya kijani. Ulikuwa umenionyesha yako, na mimi sikuwa na njia ya kuishika."

"Na pinki ilikuwa imeisha kweli?"

"Wapi! Chupa ilikuwa imejaa. Niliificha nyuma ya mchele."

Nililia, na nadhani alisikia, kwa sababu cherehani yake ilinyamaza. Nilipoweza kusema nikamwuliza ile ya kijani ilivutika hadi wapi. Mama akaanza kunieleza, polepole, jinsi alivyoivuta mpaka mlangoni, na safari hii nikamsikiliza mpaka mwisho.