Siku Noonkipa Alipoingia Ulingoni

Wanaonunua maziwa sokoni Same wanamjua Noonkipa kwa vibuyu vyake na kwa upole wake. Alizaliwa kule tambarare upande wa Ruvu, akaolewa hukohuko, akafiwa na mume mapema, na tangu abatizwe hakosi ibada ya Jumapili labda awe na ng'ombe anayezaa kwa shida. Hawaiti wateja. Anaketi, anafunika vibuyu kwa kanga, anangoja, na maziwa yanakwisha.

Mwanawe wa kiume ni mmoja tu, Sendeu, na huyo ndiye aliyempa mama yake jina la pili bila kumwomba ruhusa. Watu walianza kumwita Mama Singa, kwa sababu kwenye mieleka mwanawe walimwita Singa kwa nywele zake ndefu za moran, kijana shujaa wa Kimasai, zimesukwa nyuzi nyuzi, zimepakwa mafuta na udongo mwekundu mpaka zinang'aa.

Mieleka hiyo aliileta Anderson, Mpare wa Suji mwenye kibanda cha video nyuma ya soko. Alikuwa akionyesha mieleka ya Meksiko, wanaume wenye vinyago vya kitambaa usoni wanaorukiana kutoka juu ya kamba, na watu wakaipenda kushinda mpira. Basi akasema moyoni, kwa nini tutazame tu? Akasimika nguzo nne, akazungusha kamba, akamwaga maranda aliyoomba kwa maseremala, juu yake akatandika turubai. Fundi viatu akamshonea mkanda wa ngozi ya ng'ombe wenye sahani ya shaba mbele. Anderson akauita Mkanda wa Taifa, ingawa taifa lenyewe lilikuwa kuanzia Mwanga mpaka Hedaru.

Sendeu, aliyekuwa mlinzi wa ghala la mahindi, aliutwaa mkanda ule na hakuna aliyemvua. Walishuka vijana wa milimani wenye mapaja ya kupanda vilima, wakaja wakata mkonge wenye mikono kama mbao, wote aliwalaza. Noonkipa hakwenda kumtazama hata mara moja. Alikuwa akimwombea, basi.

Kilichomuuma ni zile nywele. Rika la Sendeu lilikwishanyolewa zamani. Kwa Wamasai, moran akimaliza ujana wake huketi juu ya ngozi, na mama aliyemzaa humnyoa kwa maziwa na maji, naye huinuka akiwa mzee wa boma. Siku rika lake liliponyolewa, Sendeu alikuwa ulingoni anatetea mkanda. Akina mama wenzake Noonkipa walishika wembe, yeye akashika kibuyu mkononi, akarudi nacho hivyohivyo. Wazee walisema mlango uko wazi, kijana akija atanyolewa. Kijana hakuja. Alisema mashabiki wanamjua kwa nywele.

Mwaka huu, mvua za vuli zilipokatika, mkwewe Nailantei, mke wa Sendeu, alimfuata pale sokoni, akachuchumaa kando ya vibuyu. Akamweleza kwa sauti ya chini kwamba mkono wa kushoto wa mumewe unakufa ganzi, kwamba amedondosha kikombe cha chai bila kujua, na kwamba daktari ameangalia picha ya shingo akamwambia aachane na mieleka. Akiangukia shingo mara moja tu, anaweza kulala kitandani maisha yake yote.

"Na yeye anasemaje?" Noonkipa akauliza.

"Anasema mkanda hauachwi, Yeyo. Unavuliwa," akajibu Nailantei, akimwita mama kwa Kimasai.

Na pambano lilikuwa Jumamosi. Mpinzani alikuwa Kelvin, kijana wa Usangi, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye alikuwa akipita barabarani na pikipiki akitangaza kwa kipaza sauti kwamba Singa amezeeka, Singa akapumzike na mbuzi. Kubwa zaidi, Anderson alikuwa ameongeza jambo aliloliona kwenye video: kule Meksiko, wanamieleka huwekeana nywele rehani, na anayeshindwa hunyolewa palepale ulingoni na watu wakicheka. Akaona litanoga. Sendeu akalikubali, maana kulikataa mbele za watu kungeonekana woga.

Noonkipa aliposikia hilo alivifunika vibuyu vyake vizuri. Kisha alimwomba jirani amwangalizie maziwa, akaenda kibandani.

Anderson alimwamkia shikamoo, akamfutia benchi. Alidhani mama amekuja kumgombeza. Lakini Noonkipa alimwomba tu amsimulie habari za mkanda wenyewe, ule wa kule ulikotoka. Hapo Anderson akachangamka. Alikuwa amesoma mengi kwenye simu yake. Akamweleza kwamba Meksiko ina mikanda ya taifa ya uzani mbalimbali, mingine ina umri mkubwa kuliko vita ya Hitila, kwamba ni Mmeksiko peke yake anayeruhusiwa kuivaa, na kwamba iko kamati inayoisimamia. Mabingwa wamepokezana, baba kwa mtoto, mwenye kinyago kwa mwenye uso wazi. Kuna waliokaa nao miaka, kuna waliokaa nao kidogo tu.

"Na wote walivuliwa kwa kupigwa?"

Anderson akakuna kidevu. "Hapana, mama. Wengine waliumia wakaurudisha. Wengine walipata ubingwa mkubwa zaidi, wakauacha huu. Mkanda unabaki wazi, halafu vijana wanashindanishwa upya mpaka apatikane mwingine. Imetokea mara nyingi."

"Na aliyepata kikubwa zaidi, watu humzomea?"

"Wamzomee kwa lipi? Huyo kapanda."

Noonkipa akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza, kwa upole uleule, huko Meksiko anayenyoa ni nani.

"Aliyeshinda, mama."

"Kwetu ni mama," akasema. "Kelvin akimnyoa mwanangu, mimi nitakuwa nimezaa kwa ajili ya nini?"

Anderson alibaki na kitambaa mkononi. Ameishi Same miaka yote hiyo, amekunywa maziwa ya Wamasai tangu mtoto, na hakuwahi kufikiri kwamba zile nywele zina mwenyewe. Aliomba radhi, akasema lakini matangazo yamekwishatoka na watu watamvunjia kibanda. Noonkipa akamwambia asifute chochote. Amruhusu tu aingie kabla ya kengele.

Kutoka hapo alirudi bomani kwa shemeji yake, mzee wa ukoo, akamweleza. Mzee akamtemea Noonkipa mate ya baraka viganjani, akampa ngozi. Usiku ule Noonkipa aliomba kwa maneno machache: Bwana, mimi nina wembe tu, moyo wake uko kwako. Maana alijua kwamba mwanawe akikataa kuketi, hapatakuwa na namna nyingine, na jioni ya Jumamosi angeweza kubebwa kwenye turubai lilelile.

Jumamosi watu walijaa mpaka juu ya paa la mashine ya kusaga. Kelvin aliingia kwanza, ameshika mkasi wa kunyolea kondoo, anauchezesha hewani. Akasema leo Singa atarudi nyumbani na kichwa kama yai. Watu wakacheka. Sendeu akaingia na mkanda wake kiunoni, anatembea wima mno, kama mtu aliyebeba ndoo, na mama yake na mkewe peke yao ndio waliojua kwa nini hageuzi shingo.

Kabla kengele haijalia, Noonkipa akainama akapita chini ya kamba. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na shanga zake zote. Akatandika ngozi katikati ya ulingo, akaweka kibuyu, akaweka wembe. Uwanja ukanyamaza kidogo kidogo, kuanzia mbele kwenda nyuma.

Sendeu alimwangalia. "Yeyo, nina pambano."

"Najua. Umepigana ukawashinda wote. Sasa keti."

"Watasema nimeogopa."

"Nani atasema?" Akawaonyesha kwa mkono Wamasai waliosimama pembeni na fimbo zao, wa rika lake, wamekwishanyolewa, wana watoto. Hakuna aliyekuwa anacheka. "Hawa waliogopa? Nimengoja, mwanangu. Kibuyu kile cha mwanzo nilirudi nacho kimejaa."

Sendeu akawatazama wale wa rika lake. Noonkipa aliona ule mkono wa kushoto umening'inia tu, naye alikuwa anamwita Mungu ndani kwa ndani bila hata maneno. Ndipo Sendeu akapeleka mkono wa kulia kiunoni, akafungua mkanda, akauweka mikononi mwa Anderson, akaketi kwenye ngozi.

Mama akammwagia maziwa na maji, akaanza kunyoa. Nyuzi nyekundu zikaanguka moja moja. Sendeu alilia, kama wanavyolia wote siku hiyo, na rika lake wakaanza kuimba kwa sauti nzito za chini. Watu wa milimani hawakujua wimbo lakini walivua kofia.

Alipomaliza, Anderson alichukua kipaza sauti. Akasema Singa ameacha mkanda bila kushindwa, kwa sababu amepata daraja kubwa zaidi, na kwamba kwa desturi ya kule mieleka hii ilikotoka, mkanda sasa uko wazi. Kelvin na wenzake watashindanishwa. Mtu mmoja nyuma akadai soda aliyonunua kama kiingilio irudishwe, wenzake wakamwambia amekwishainywa. Kicheko kikapita uwanja mzima, na Noonkipa naye akacheka.

Kelvin alikuwa bado amesimama na mkasi, hajui auweke wapi. Hatimaye akauchomeka mfuko wa nyuma, akasogea mbele ya Sendeu, akainamisha kichwa kama vijana wa Kimasai wanavyoamkia wazee.

"Shikamoo, mzee."

Sendeu akapapasa kichwa chake kipya, akamtazama mama yake kwanza, kama anayeuliza ndivyo ijibiwavyo. Kisha akamwekea Kelvin kiganja utosini.

"Marahaba," akasema. "Angalia shingo yako."

Noonkipa alikuwa amekwishapiga magoti, anakusanya nywele kwenye kanga. Nailantei akaja kumsaidia. Wakarudi Ruvu kabla jua halijashuka, Sendeu amekaa nyuma ya bodaboda, na kila walipopita shimo dereva alipunguza mwendo, kwa kuwa mama alikuwa amemwambia ampeleke taratibu, huyo ni mzee.